VAT kwa mwenye duka Garissa: kwanza jiulize unamuuzia nani

Bidhaa za dukani Garissa hufika kwa lori, ama kutoka Nairobi kupitia Mwingi, ama kutoka Pwani kwa barabara ya Garsen na Hola. Nyingi kati ya hizo zimeshatozwa asilimia 16 ya ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, kabla ya kushushwa. Mwenye duka aliyesajiliwa anaweza kuidai pesa hiyo. Asiyesajiliwa anaimeza, kisha anaipachika kwenye bei.

Kwa Sheria ya VAT ya 2013, mauzo yanayotozwa VAT yakifika Sh5 milioni katika miezi 12, ni lazima ujisajili kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, ndani ya siku 30. Chini ya hapo ni hiari. Mauzo yaliyosamehewa hayahesabiwi, kwa hivyo anayeuza ndizi au maembe ya mashamba ya Tana, yasiyosindikwa, hana haja ya kuhangaika.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Mzigo una bei ya Sh100,000, na VAT ni Sh16,000. Mwenye duka anataka faida ya Sh20,000. Kama hajasajiliwa, atauza Sh136,000. Kama amesajiliwa, atadai ile 16,000, atauza Sh120,000 na kuongeza VAT ya Sh19,200, jumla Sh139,200. KRA atapeleka tofauti, Sh3,200.

Ukitazama haraka, aliyesajiliwa ni ghali. Lakini mnunuzi akiwa mkandarasi au hoteli iliyosajiliwa, naye anadai ile 19,200. Gharama yake halisi ni Sh120,000, ilhali kwa jirani asiyesajiliwa angetoa Sh136,000 bila cha kurudishiwa. Ndiyo maana meneja wa ununuzi huuliza habari ya VAT kabla hata hajauliza bei.

Mteja wa nyumbani hadai chochote. Kwake yule wa Sh136,000 ndiye rahisi. Shirika la misaada Dadaab lisilofanya biashara pia halina VAT ya kudai, hivyo kwake asilimia 16 ni gharama tupu, isipokuwa mradi wake umepewa msamaha.

Mnunuzi hadai kwa maneno matupu. Anahitaji ankara ya eTIMS yenye nambari yake ya PIN, adai ndani ya miezi sita, nawe uwe umeitangaza mauzo hayo kwenye ritani yako. Ukizembea, yeye ndiye anayenyimwa, na hatarudi tena. Hata asiyesajiliwa VAT anatakiwa kutoa ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 1, 2024 mnunuzi asiye nayo hawezi kuondoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi ya mapato.

Wengi huchanganya VAT na ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaowahusu wenye mauzo kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Ule ni kodi ya mapato yako mwenyewe. Mnunuzi hawezi kuudai.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni kuiuzia serikali kwa mkopo. VAT huiva pale unapokabidhi mzigo, unapotoa ankara au unapolipwa, lolote litakalotangulia. Ritani na malipo ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kaunti, yoyote ile, inaweza kukaa na deni lako mwaka mzima. Ikilipa, hukata asilimia 2 ya thamani ya mzigo na kuipeleka KRA kwa jina lako, lakini kufikia hapo wewe umeshatoa ushuru wa pesa ambazo hujaziona. Sheria inaruhusu kurudishiwa VAT ya deni lisilolipika, ila baada ya miaka, si miezi.

Kwa hiyo anayewauzia makandarasi na hoteli zinazolipa kwa wakati anafaidika kujisajili hata kabla ya Sh5 milioni. Wa rejareja asubiri sheria imfikie. Anayetegemea zabuni za kaunti ahesabu kwanza kama ana akiba ya kulipa VAT ya miezi kadhaa kutoka mfukoni. Na mwezi usio na mauzo bado una ritani: kuchelewa kuijaza ni faini ya Sh10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa.