Gunia la posho lilivyogeuka shamba

Mara nyingi tunasikia kwamba kilimo cha gunia kililetwa na mashirika, kwenye semina. Ni kweli mashirika yamefundisha wengi. Lakini kilichotufikisha kwenye gunia ni historia ya ardhi na chakula hapa West Nile. Tuipitie polepole.

Tuanze na wenyeji wetu. Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, haukupita muda mrefu jeshi jipya likaanza kulipiza kisasi kwa watu wa huku. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Maelfu walivuka mpaka, wengine Zaire, wengine Sudan, wakaishi huko miaka. Kwa hiyo mzee wa Kilugbara au wa Kikakwa akikwambia naye alikuwa mkimbizi, hakufariji tu. Anakupa historia.

Wazee hao na koo zao ndio wenye ardhi. Rhino Camp, Imvepi, na Lobule kule Koboko, ambako ndugu zetu wa Kongo wanapokelewa tangu 2013, zote ziko kwenye ardhi ya wenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na tunapewa mahali pa kulima. Lakini kulima si kumiliki. Kiwanja ni cha kuazimwa.

Halafu vita vikalipuka tena Juba, Julai 2016. Watu walivuka kwa mamia ya maelfu, na kiwango cha kiwanja kikawa mita 30 kwa 30 kwa familia. Pigeni hesabu: mita za mraba 900, haifiki hata robo eka. Toa nyumba, jiko, choo na bafu, kinachobaki ndio shamba. Na sehemu nyingine jembe linagonga mawe tu.

Chakula nacho kikapungua. Aprili 2020 WFP walikata mgao kwa asilimia 30. Februari 2021 makato yakafika asilimia 40. Mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi: wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine wasipate kabisa.

Hapo ndipo gunia linaingia. Posho ikiisha, gunia linabaki. Unalijaza udongo na samadi ya mbuzi, katikati unapanga mawe ili maji yashuke mpaka chini, pembeni unatoboa matundu ya miche. Sukuma, nyanya, kudra, na dodo ambayo Wakongo wanaiita lengalenga. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni yanatosha kumwagilia. Watu wa mjini wanaita hii kilimo hai. Sisi hatukuwa na pesa ya mbolea ya dukani, basi.

Wala hatuko peke yetu. Kibera, Nairobi, magunia yalienea baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, bei ya chakula ilipopanda na njia za kupitisha mboga zikafungwa. Si unaona? Gunia huja pale ardhi na chakula vinapobana kwa pamoja. Hata wenzetu waliopanga chumba Arua mjini, ambako mgao haufiki, wanapanda kwenye ndoo mbovu na jerikani zilizokatwa, mlangoni kabisa.

Sasa tuseme ukweli wote. Gunia linatoa mboga. Halitoi mahindi, halitoi maharage ya kutosha nyumba ya watu nane. Mtu akipiga picha ya sukuma yetu iliyonawiri halafu aseme wakimbizi sasa wanajitegemea, tumjibu kwa heshima: hiyo ni kitoweo, posho iko wapi? Sifa za gunia zisije zikawa sababu ya kukata mgao mwingine.

Lakini pia tusilidharau. Kiwanja ni cha kuazimwa, mgao unaamuliwa mbali, ila udongo wa guniani umeutengeneza wewe, na siku ya kuhama unaweza kuubeba. Tukiandika historia ya vita na mipaka, tuandike na hii ya mama zetu. Ukirudi nyumbani leo, muulize mama gunia lake la kwanza alilipanda mwaka gani, na mwaka huo kilikatwa nini.