Neno la Wiki: Lipu haikandikwi

Jirani yangu hapa Same kaamua kuikarabati nyumba kwa mikono yake. Jumamosi nimemkuta na mwiko, saruji hadi kwenye nyusi. "Nakandika lipu," akaniambia. La, jirani! Kukandika ni kazi ya viganja: udongo uliokanyagwa hadi ukalainika, unabandikwa kwenye fito, kama nyumba za zamani huko milimani. Lipu ni neno la Kihindi, na asili yake ni kupaka udongo. Kwetu limehamia kwenye mchanga na saruji, na lipu *hupigwa*. Unaitupa ukutani kwa mwiko, kisha unaisawazisha kwa ubao. Ukiziba ufa mmoja, umeziba ufa tu. Na ule weupe laini wa mwisho ni skimu. Usiuite lipu mbele ya fundi, atakutoza vyote viwili.