Kanuni rahisi za namba tasa

Kanuni rahisi za namba tasa ni fomula fupi ambazo wapenzi wa hisabati hudai kuwa hutoa namba tasa tupu. Inayogunduliwa upya kila mara ni 6n ± 1. Kweli, kila namba tasa inayozidi 3 huangukia humo, lakini 25 na 35 nazo zimo. Mtego mtamu zaidi ni 31, 331, 3331 na kuendelea: zote ni tasa hadi 33333331, kisha 333333331 inagawanyika kwa 17. Hata n² + n + 41, inayotokana na kazi ya Leonhard Euler ya 1772, hukwama n ikifika 40: jibu ni 1681, yaani 41 × 41. Miaka 20 kabla yake, Christian Goldbach alikwisha kuonyesha kwamba polinomia ya aina hiyo haiwezi kutoa namba tasa daima.