Karata za Boksi la Sabuni: Mchezo, Kusubiri na Tuhuma ya Uvivu katika Nyanda za Kati

Novemba 1857, Mwingereza Richard Burton aliwasili Kazeh, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika eneo la Tabora ya leo. Katika kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichochapishwa mwaka 1860, alitenga mistari michache kwa ajili ya michezo ya Wanyamwezi. Aliona mchezo wa kurusha kitu na kubahatisha upande kitakaoangukia. Kifaa chenyewe kilikuwa jiwe bapa, kipande cha bati kilichokatwa mviringo, au kitako cha chungu kilichovunjika. Wengine, anasema, walikwisha kujifunza bao la pwani. Kisha anaongeza shutuma nzito: kwamba wengi walipoteza mali yao yote mchezoni hadi wakajiuza utumwani, na kwamba wapo waliowaweka rehani mama zao wazee dhidi ya ng'ombe au mbuzi wawili.

Wanafunzi wangu wakiisoma habari hiyo hucheka kwanza, kisha hukasirika. Mimi huwaomba wafanye jambo la tatu, yaani kuuliza habari hii inamfaa nani. Mwaka 1857 njia ya Kazeh ilipitisha pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani. Wenyeji wa Burton walikuwa wafanyabiashara wa njia hiyo hiyo, na mengi aliyoyaandika aliyapata barazani kwao. Anayesema kwamba mtu alijiuza mwenyewe kwa sababu ya mchezo amekwisha kumwondoa mnunuzi katika habari. Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kupoteza mbuzi kwa kigae cha chungu. Nasema kwamba kigae kimebebeshwa mzigo ambao ulikuwa wa soko.

Lipo jambo jingine ambalo Burton aliliona bila kulitilia maanani. Yeye mwenyewe alikaa Kazeh takriban mwezi mmoja akisubiri wapagazi wapya, na kabla ya hapo alikuwa amepita Ugogo, ambako msafara ulilazimika kusimama mara kwa mara. Baada ya kuvuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, misafara iliingia katika nchi ambayo watemi wake walitawala visima na chakula, nao walidai hongo kabla ya kuruhusu watu kunywa na kupita. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Maana ya rushwa tunayoipa leo ilikuja baadaye. Majadiliano ya hongo yaliweza kuchukua siku kadhaa. Viongozi wa msafara walijadiliana; wapagazi, ambao mizigo yao ilikuwa imetuliwa chini, walisubiri. Wanyamwezi hao walisafiri kiangazi na wengi wakarudi mashambani mvua zilipokaribia. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameeleza kwa kina kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye fahari na kanuni za kazi yao. Mtu wa namna hiyo akikaa kambini siku tatu kwa sababu tajiri wake na mtemi hawajaelewana juu ya idadi ya vitambaa, kisha akachukua kigae na kucheza, je, ni mvivu? Muda ule hakuuiba. Alipewa na kazi yenyewe.

Karata zina historia nyingine, na ushahidi wake umo kinywani mwetu. Neno lenyewe limetoka katika Kireno, carta. Shupaza ni espadas, yaani panga. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Turufu, ambayo waheshimiwa hapa Dodoma huitupa mezani kila uchaguzi ukikaribia, ni trunfo. Wareno walijenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698; ngome ilibadilisha mikono, istilahi za karata zikabaki.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni majina ya karata za picha. Kamusi za zamani za Kiswahili zinamwita mfalme mzungu wa nne, kijana mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili. Mtu aliyezoea michezo ya Kiingereza hushangaa: malkia amewezaje kuwa chini ya kijana? Jibu limo katika hesabu. Katika michezo ya Kireno ya jamii ya bisca na sueca, ree ina pointi 11, saba ina 10, mfalme 4, kijana 3, malkia 2. Majina yetu ni pointi zao. Jumla ya aina zote nne ni 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Ukienda leo kwenye kijiwe chochote ambako vijana wanacheza albastini, wakaweka kando nane, tisa na kumi, na wakaipa saba hadhi ya kumpita mfalme, unaona kanuni ile ile ikiwa hai. Hakuna aliyeifundisha darasani, na hakuna kitabu cha kanuni kilichosambazwa na wizara yoyote. Imepita mkono kwa mkono, kutoka bandarini hadi uwanda huu mkavu ulio umbali wa mamia ya kilomita kutoka baharini.

Nilipata kuushuhudia urithi huo kwa karibu mwaka juzi, niliposhiriki mashindano madogo ya mtaani hapa Dodoma, upande wa Chang'ombe. Zilikuwa jozi nane, zawadi ikiwa kreti moja ya soda iliyochangwa na waliokuwapo. Hapakuwa na kiingilio wala dau. Karata zilikuwa zimetengenezwa kwa mkono kwa boksi la sabuni, zikakatwa kwa wembe na kuchorwa kwa kalamu nyeusi na nyekundu. Nilidhani sababu ni umaskini. Mwenye karata alinieleza sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba albastini haihitaji karata zote 52, kwa hiyo kazi si kubwa. Ya pili ni upepo. Kila anayeujua upepo wa Dodoma wa Agosti na Septemba anaelewa: karata za dukani, nyembamba na laini, hupeperuka na kuishia barabarani, lakini boksi hukaa pale lilipowekwa.

Tatizo la karata za mkono ni mgongo. Boksi la sabuni lina maandishi, na herufi iliyoangukia nyuma ya ree huitangaza kabla haijachezwa. Walikuwa wamebandika karatasi ya kaki nyuma ya kila moja, na hata hivyo baada ya wiki chache kona moja huchakaa kuliko nyingine, doa la mafuta likabaki hapa na si pale. Kwa hiyo walikuwa na sharti ambalo sijalisoma popote: aliyezitengeneza karata hazichangi wala hazigawi, katika mchezo wake wala wa mwenzake. Karata ikionekana kuwa na alama mpya, mchezo husimama na karata zote hutiwa alama hiyo hiyo. Ningependa kuona baadhi ya kamati za zabuni zikiendeshwa kwa uangalifu wa kiwango hicho. Mimi na mwenzangu tulitolewa katika nusu fainali kwa 61 dhidi ya 59.

Nilitaka kujua wachezaji walikuwa akina nani, kwa kuwa saa zilikuwa za kazi na siku ilikuwa Jumanne. Wawili walikuwa vibarua wa kupakua mizigo waliokuwa wakingoja lori lililochelewa tangu alfajiri. Mmoja alikuwa na shahada ya kwanza, na alikuwa amefanya usaili wa ajira serikalini mara tatu. Alikuwa akingoja majibu ya ule wa tatu. Mwingine alikuwa fundi, akisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Katika jozi zote nane sikumpata mtu mmoja ambaye hakuwa akisubiri jambo lililo mikononi mwa mtu mwingine.

Dola imeitazama picha hii kwa jicho moja kwa muda mrefu. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1945, inamweka anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa hadhara katika kifungu kimoja na ombaomba, kwa jina la wazembe. Mwaka uliotangulia, 1944, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Uhuru haukuifuta fikra hiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililaumu nguvu za wanaume wa vijijini zilizokuwa zikipotea katika maongezi, ngoma na pombe. Bao halikutajwa; Mwalimu alikuwa mpenzi wake mkubwa. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ya watu wasio na kitambulisho cha kazi. Mwaka 2016, mwaka ule ule ambao Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, Rais Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wasiwaache vijana wakishinda kwenye meza za pool saa za kazi.

Nakubali kwamba agizo kama hilo lina mantiki yake. Taifa haliwezi kujengwa na watu waliokaa, na nimewaona vijana ambao kijiwe kimewameza kabisa, hata lori likifika hawainuki. Ugumu wangu ni kwamba kipimo kinachotumika si uvivu. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, tuna Bodi inayotoa leseni, na tangu mwaka 2017 kodi ya michezo hiyo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato. Kijana yule yule akiinuka chini ya mwembe, akavuka barabara, akaingia kwenye duka la kubeti na kuacha humo pesa ya chakula cha mchana, hakuna mgambo atakayemfuata. Amekuwa mlipa kodi. Akibaki chini ya mwembe na karata za boksi, ambapo hakuna shilingi iliyobadilisha mikono, anakuwa mzururaji. Kwa hiyo mchezo unaokubalika ni ule unaomtoza mchezaji, na unaoshukiwa ni ule alioutengeneza mwenyewe bila gharama. Burton asingeona ajabu.

Nenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, asubuhi ya siku yenye vikao vingi. Pembeni mwa maegesho, kivulini, utawakuta madereva wa magari ya umma wakicheza drafti kwenye ubao uliochorwa kwa kalamu, visoda vikiwa ndiyo kete: vilivyolala chali upande huu, vilivyolala kifudifudi upande ule. Wakubwa wao wako ndani tangu saa tatu. Kikao kikivuka saa saba, watakuwa wamemaliza raundi nne au tano, na mshahara wa siku hiyo utaingia kama kawaida.