Gari linapoteza maji: kabla hujakubali injini ifunguliwe

Maji ya rejeta huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Yakipungua kila baada ya siku chache, kuna mahali yanatokea. Fundi akikuambia moja kwa moja kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, tulia kwanza. Kuibadilisha ni kazi ghali, na huenda kilichopasuka ni mpira wa maji tu.

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yanaweza kuruka na kukuunguza.

Anza nje. Angalia rejeta, mipira na vibano vyake, pampu ya maji, na chini ya gari. Mfuniko uliochoka pia hupoteza maji.

Nje kukiwa kukavu, tafuta dalili hizi:

- moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto
- oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa
- mapovu yasiyokatika ndani ya rejeta
- mipira kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha gari lililolala.

Dalili moja haitoshi. Mwombe fundi apime presha ya rejeta, kisha apime kama moshi wa injini unaingia kwenye maji. Dawa ya kipimo hicho ni ya bluu. Moshi ukiwemo hugeuka njano.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe kama imepinda kabla ya gasketi mpya kuwekwa.

Mshale wa joto ukipanda njiani, simama uzime gari. Ukiendelea, tatizo la mpira litakuwa la injini nzima.