Nyumba ya wakati wa Wabelgiji iwekwe taa gani?

Shasha, Masisi – Anayerudi nyumbani baada ya vita anaweza kukuta milango imeng'olewa, waya zimekatwa na taa hazipo. Kama nyumba ni ya wakati wa Wabelgiji, swali linakuja: iwekwe taa gani bila kuharibu sura yake?

Jibu liko katika historia. Walowezi walipojenga nyumba za mashamba kando ya ziwa Kivu na katika milima ya Masisi, umeme wa mkoa haukuwepo. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi, karibu na Bukavu, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo watu waliwasha mafuta: taa ya chemni barazani, na taa ya pampu, kama Petromax ya Ujerumani, sebuleni.

Kwa hiyo fundi aanze kwa kutazama dari. Ndoano nene katikati ya chumba inaweza kuwa mahali pa taa ya pampu. Vikombe vidogo vya kauri na waya zilizosokotwa, zenye ganda la kitambaa, ni alama za umeme wa zamani. Asizifunike kwa saruji.

Penye ndoano, taa ya chemni inafaa, ikiwekwa ndani yake ampuli ndogo ya LED inayotumia nguvu ya jua. Penye kauri, inatosha taa ya kioo cheupe cha mviringo. Mataa makubwa yenye vioo vingi yanayong'aa hayakuwa ya nyumba hizi za shamba.

Lakini waya za zamani zisipitishwe umeme tena. Mpira wake hukauka na kupasuka, na moto huanzia hapo. Zibaki kama kumbukumbu, na waya mpya zipite pembeni. Ampuli ya LED ya wati 5 hutoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 40, kwa hiyo betri ndogo inatosha chumba kimoja.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma pamoja na majengo yake. Vita navyo vimebomoa mengine vijijini. Nyumba ya zamani ambayo bado imesimama inaonyesha watoto jinsi watu walivyoishi hapa. Mwenye kuitengeneza aulize wazee taa ilitundikwa wapi, kabla ya kupaka rangi.