Stadi Laini: Uzito Uko Kwenye Neno la Kwanza

Tazama tangazo lolote la nafasi ya kazi. Baada ya shahada na uzoefu, utakuta sharti kwamba mwombaji awe na uwezo wa kuwasiliana, kushirikiana na wenzake na kupanga muda wake vizuri. Mambo hayo kwa jumla huitwa stadi laini, yaani stadi za kushughulika na watu na kujiongoza kazini, fani yoyote iwayo. Zinatofautishwa na stadi za kifani, kama kufunga hesabu za mwaka au kuandika programu ya kompyuta.

Chimbuko la istilahi hii ni jeshi la Marekani. Wakufunzi wake walitenganisha kazi za kuendesha mitambo na kazi za kuongoza watu, na hizi za pili wakaziita laini. Mwaka 1972, katika mkutano uliofanyika Fort Bliss, Texas, watafiti Paul Whitmore na John Fry waliutilia shaka mgawanyo huo. Waliona kwamba stadi zinazoitwa laini ni zile ambazo utendaji wake haujaeleweka vya kutosha. Hazikuitwa laini kwa sababu ni nyepesi.

Kiswahili kimeitafsiri sifa hiyo ya Kiingereza, "soft", kama ilivyo, na msomaji huweza kudhani kwamba inahusu upole au mambo madogomadogo. Uzito wa istilahi uko kwenye neno stadi. Fundi stadi hazaliwi: hufunzwa, hukosea, husahihishwa, mpaka mkono ukazoea. Hivyo stadi laini si karama wala haiba. Hufundishika.

Istilahi hii ina majirani wawili. Stadi za maisha zinagusa maisha yote, yakiwemo afya na malezi. Umilisi, neno lililoenea Kenya kupitia mtaala ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, ni uwezo wa kutumia kile ulichojifunza. Ndani yake mna mawasiliano na ushirikiano, fikra tunduizi na ubunifu.

Tuione stadi yenyewe ikiwa kazini. Mfumo wa malipo umegoma hospitalini asubuhi, na foleni imefika mlangoni. Mhitimu wa kompyuta anayejua fani yake tu atasema, "Seva iko chini," kisha atarudi kuinamia mashine. Mwenye stadi laini atamwambia mhasibu: "Dada, mfumo utachukua kama nusu saa. Kwa sasa andikeni majina na huduma kwenye daftari, mfumo ukirudi tutayaingiza. Wagonjwa mahututi wasisubiri malipo." Wote wawili wanaweza kuirekebisha seva, lakini ni huyu wa pili aliyeiwezesha hospitali kuendelea na kazi.

Kwa kuwa hizi ni stadi, vyuo vina wajibu wa kuzifundisha. Semina ya siku moja kabla ya mahafali haitoshi. Mahali pake hasa ni mafunzo kwa vitendo, ile fildi ambayo mara nyingi huishia kwenye kujaza daftari la kumbukumbu na kugongewa muhuri. Msimamizi amwachie mwanafunzi aendeshe kikao, amjibu mteja mwenye hasira na kuwasilisha ripoti, kisha amweleze palipopwaya na kumpa nafasi ya kurudia. Atakayepitia malezi hayo ataingia kwenye usaili akiwa na kazi za kueleza, na jopo litakuwa na kitu cha kumpima nacho zaidi ya cheti.